Nzuri, Ila

1

Namba yenyewe ilikuwa tisini na nne, na mimi sikuiamini tangu nilipoitia machoni.

Ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa matangazo wa Halmashauri ya Mji wa Kihesaka, ndani ya Rasimu ya Mpango wa Miaka Hamsini, 2071 hadi 2121. Mtaa wa Tanurini, kiwango cha ridhaa: asilimia tisini na nne. Yaani kati ya kila watu mia wa Tanurini, tisini na wanne wamekubali kwa hiari yao mtaa wao uvunjwe, wao wahamishiwe Itanana kule juu kwenye mchanga, na bonde lao lichimbwe bwawa la kumeza mafuriko ya Mto Mdeke. Mimi nimezaliwa Kihesaka na nina miaka hamsini na sita. Watu tisini na wanne wa mji huu hawawezi kukubaliana hata kwamba leo ni Jumatatu.

Naitwa Enesia Mgaya, karani wa maoni wa halmashauri. Na niseme mapema tusije tukalaumiana: mimi ni mtu wa kushuku. Mgeni akiisifia chai yangu naanza kujiuliza anataka nini. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nikifika peponi nitamwomba malaika kitambulisho.

Kazi yangu ni kumhudumia Msikizi. Msikizi ni kile kisanduku cha rangi ya udongo, kikubwa kama kiganja, kilichopigiliwa juu ya mlango wa kila nyumba mjini. Kila Jumamosi asubuhi kinawasha taa ndogo ya njano, kinamsalimia mwenye nyumba kwa jina, kinamuuliza habari za mtaa, kisha kinasikiliza. Hakihesabu maneno tu. Kinapima pumzi, kinapima mtu amekaa kimya kiasi gani kabla ya kujibu, kinapima kama sauti imepanda au imeshuka. Kikimaliza, taa inageuka kijani, kinasema "Ahsante, tumepokea," kinazimika. Visanduku vimefanya hivyo miaka saba, na kutokana na hizo Jumamosi zote ndipo Mpango ulipoandikwa. Sheria inasema hivi: katika mitaa inayoweza kupokea maji, utahamishwa ule ambao watu wake wameridhia zaidi, na kuridhia kunapimwa na Msikizi peke yake.

Msidhani naponda kifaa. Kabla yake tulikuwa na mikutano ya hadhara, na mimi, ingawa kazi yangu wakati huo ilikuwa hospitali, ndiye niliyeazimwa kuandika mahudhurio. Wanakuja watu kumi na mmoja, saba wanaulizia soda, mwenyekiti anauliza kama kuna swali, hakuna, tunaandika kwamba wananchi wameshirikishwa kikamilifu. Msikizi angalau anamfuata mtu nyumbani kwake.

Mmeona nimesema "anamfuata," kama vile ni mtu. Ni kwa sababu sauti yake ni yangu. Miaka minane iliyopita watengenezaji walikuja kutafuta sauti ambayo watu wa Kihesaka wasingeiogopa, wakanikuta mapokezi ya hospitali, ambako nilikuwa nimesalimia wagonjwa kwa miaka ishirini. Tangu hapo nikipita mjini Jumamosi najisikia mwenyewe kutoka kwenye kila mlango, nikiuliza, "Habari za mtaa?" Tena nimekatazwa kuongea njiani asubuhi hiyo. Mwanzoni kabisa nilimuuliza jirani yangu kama mbaazi zake zimekomaa, vile visanduku vikadhani ni vyenyewe vimeuliza, mtaa mzima ukawaka taa za njano kusubiri jibu la mbaazi. Hawajaweza kulirekebisha mpaka leo. Wamenirekebisha mimi.

Sasa, mabonde yanayoweza kumeza mto ni mawili tu. Moja ni Tanurini, wanakoishi wachoma matofali. La pili ni Mtaa wa Posta, wanakoishi watumishi na wastaafu, na mimi. Posta ilipata ridhaa ya asilimia thelathini na tisa, kwa hiyo ikasalimika, na majirani zangu walinipigia simu za pongezi kama vile nimejifungua. Namba ya Tanurini sikuiamini, lakini furaha haikuniomba ruhusa. Nilifurahi siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaanza kujiuliza nani kanifurahisha, na kwa nini.

Wa kumshuku nilikuwa naye. Injinia Gwakisa aliletwa na watengenezaji miaka miwili iliyopita kuja kutunza mitambo. Mpole, ana miaka thelathini na kitu, viatu vyake havishiki vumbi hata kiangazi. Hali chakula cha mtu, anakuja na kikopo chake kutoka nyumbani. Chumba cha mitambo anakifunga kwa ufunguo hata akienda kunawa mikono. Nikajiambia, huyu katengeneza watu. Watumishi hewa tunawajua, wapiga kura hewa tunawajua, sasa tumeletewa sauti hewa. Nikachapisha orodha ya wakazi wote wa Tanurini waliosikika, nikaitia mkobani, nikashuka bondeni kuwatafuta mmoja mmoja.

2

Sauti hewa sikupata hata moja.

Nilianza saa mbili asubuhi, nyumba kwa nyumba, na kila jina kwenye orodha lilikuwa na mtu wake, mzima, mikono imejaa udongo. Tanurini wana adabu ya kizamani. Mtu mwenye udongo mikononi hakupi kiganja, anakunyooshea kifundo cha mkono ukishike, na anainama kidogo. Nilishika vifundo vingi sana asubuhi ile. Wote niliwauliza habari, wote wakaniambia nzuri, wote wakanikaribisha kiti. Sikukaa popote, maana nilikuwa natafuta wezi.

Nilikaa kwa Bibi Sikujua Mhanga tu, kwa sababu kwake huwezi kukataa. Ana miaka themanini na mmoja na bado anafyatua matofali. Kila tofali lake, kabla halijakauka, analibonyeza kwa vidole viwili, alama yake. Nyumba yangu ya Posta imejengwa kwa matofali hayo. Kwenye ukuta wa jikoni, pale ambapo sijapiga lipu, vidole vya Bibi Sikujua vipo mstari mzima.

Nikamuuliza habari za hapo. Akasema nzuri kabisa, mwanangu. Akaninywesha togwa. Akauliza kikohozi changu cha mwaka jana kiliishaje, na kama binti yangu wa Songea amepata mtoto wa pili. Akaniongezea togwa. Alipoona nimetua, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Ila mwanangu," akasema, "mbona mmeandika nimekubali?"

Nikamwambia hilo ndilo lililonileta, nataka kujua alimwambia nini Msikizi. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda, kama mtu anayepima kama mwenzake ni mgonjwa.

"Si nilikwambia wewe?"

Nikamweleza kwamba ile ni sauti yangu tu, mimi mwenyewe nakuwa nyumbani nafua. Akatikisa kichwa kwa upole, haikumwingia. Akasema kila Jumamosi, tangu tangazo kwamba huenda mtaa ukahamishwa lilipobandikwa ofisi ya mtaa mwaka jana, amenieleza. Amenieleza kwamba Itanana ni mchanga mtupu na mchanga haushiki tofali. Kwamba mama yake na bibi yake na mama wa bibi yake walichoma hapo hapo. Kwamba mumewe amelala nyuma ya tanuri la pili na hana wa kumwachia. Hata jicho lake la kushoto linavyomsumbua alinieleza. Yeye hufanya kazi akiwa ameupa mlango mgongo, kama wote pale, maana uwanja wa kufyatulia uko mbele ya nyumba na mikono haiwezi kuacha udongo, hivyo taa ikizimika hawaioni.

"Wewe unasema ahsante, mimi naendelea," akasema. "Kuna siku nimekuongelesha mpaka jua limenikuta hapa. Uliyasikia yote, si ndiyo?"

Nikamwambia ndiyo, Bibi. Uongo ulinitoka kabla sijaushika.

Nilipanda kilima kwa hasira. Mwaka mzima wa maneno ya bibi wa watu, na kwenye Mpango hakuna hata nusu yake. Kama si sauti hewa, basi ni sauti zilizofutwa. Na ufunguo wa chumba cha mitambo ulikuwa kwa mtu mmoja.

3

Nilimkuta Gwakisa anakula viazi kutoka kwenye kikopo chake. Sikusalimia. Nilimwambia nataka kusikia sauti mbichi za Tanurini, za mwaka mzima, sasa hivi, na akikataa naenda kwa mkurugenzi.

Nilitegemea ababaike. Akafunika kikopo, akafuta mikono, akasema miaka miwili hakuna mtu aliyewahi kumwomba kuzisikiliza. Akavuta kiti cha pili. Nikazidi kumshuku, maana mwizi mwerevu ndiye anayekupa kiti.

Akaanza na Bibi Sikujua, Jumamosi ya kwanza ya mwezi Mei. Ikasikika sauti yangu, nyororo, ya mapokezi: "Habari za mtaa, Bibi Sikujua?" Ikasikika ya Bibi, kwa mbali kidogo, na kofi la udongo kwenye kalibu ya tofali.

"Nzuri, mwanangu. Ila—"

"Ahsante, tumepokea."

Rekodi ikaishia hapo. Nikamwambia aweke Jumamosi iliyofuata. Nzuri, mwanangu. Ila. Ahsante, tumepokea. Akaweka nyingine, na nyingine. Nikamwambia atoke kwa Bibi, aende nyumba ya jirani. Nzuri tu mama, ila. Ahsante. Nyumba ya tatu, mwanamume mwenye sauti nzito: nzuri, tunashukuru, isipokuwa. Ahsante, tumepokea. Tulisikiliza mpaka viazi vya Gwakisa vikapoa. Hakuna aliyefutwa. Baada ya ila hawakuwahi kurekodiwa, na ile "nzuri" peke yake ikahesabiwa kuwa ridhaa. Mlango ulifungwa usoni mwao na sauti yangu ndiyo iliyoufunga, tena kwa adabu.

"Sasa tuwasikie watu wa Posta," nikasema.

Akaweka. Mzee mmoja mstaafu, namfahamu, nyumba ya nne kutoka kwangu. Habari za mtaa? "Ah, tunasukuma siku." Na sauti yangu ikamjibu kwa huruma: "Pole. Nini kinakusumbua?" Yule mzee akaeleza habari za jogoo wa jirani kwa dakika kumi na moja, na Msikizi akamsikiliza mpaka mwisho. Posta hatujibu nzuri. Tulishajifunza zamani kwamba ofisini anayesema nzuri anarudishwa nyumbani.

Nilimuuliza Gwakisa ni nani aliyeweka ujinga ule. Nadhani nilisema kwa sauti kubwa. Akatafuta kwenye kioo cha kompyuta, akasema ni kanuni ya kumi na saba, na kila kanuni imehifadhiwa pamoja na chanzo chake. Akanitazama. Akauliza kama nina hakika nataka kukisikia. Nikamwambia asinipangie.

Chanzo kilikuwa rekodi ya zamani: chumba chenye mwangwi na viti vinavyovutwa. Mwanamume akauliza kwa Kiswahili cha kujifunza: mtu akishajibu nzuri, chombo kiendelee kumuuliza? Na mwanamke akajibu haraka, kwa kujiamini kabisa.

"Hapana. Mtu akisema nzuri, muache. Kwetu ukimchimba mtu aliyekwambia nzuri unamvunjia heshima, unaonekana mmbea. Andikeni hivyo."

Ile siku naikumbuka vizuri. Ilikuwa siku ya tatu ya kunirekodi, saa nane mchana, njaa inaniuma. Na pia, niseme ukweli, nilikuwa nimevimba kichwa. Watu saba wamekaa mbele yangu na madaftari, kila nikisema "kwetu" wanaandika. Maishani mwangu hakuna aliyewahi kuandika nilichosema.

Na nilichosema ni kweli nusu. Miaka ishirini mapokezi nimewaona. Analetwa mtu mfupa umetoka nje, unamuuliza habari, anakwambia nzuri, ila huu mguu. Anakuja mama aliyefiwa asubuhi ile, habari za nyumbani, nzuri, ila tumepata msiba. Nzuri ni kubisha hodi tu. Mtu akishabisha, sisi hatumchimbi, kweli kabisa. Tunasubiri. Tunampa kiti, tunampa togwa, tunauliza kikohozi, mpaka ila ije yenyewe. Wale watu wa madaftari niliwaambia kwamba hatuchimbi. Nilisahau kuwaambia kwamba tunasubiri.

Nikalia pale kwenye kiti chake cha pili. Nililia kwa aibu, na Gwakisa akajifanya anapanga nyaya.

Nilipotulia nikamwambia basi arekebishe. Akanieleza kwa utaratibu, na kila alichosema kilinifunga zaidi. Kanuni iliyotokana na mwenye sauti haiwezi kufutwa bila saini ya mwenye sauti. Fomu anayo, kurasa mbili. Ikifutwa, kila "nzuri" ya Tanurini inahesabiwa kuwa haijajibiwa. Hawezi kujaza kilichokuja baada ya ila, kwa sababu hakipo popote. Alishawahi kuona mji mwingine mafundi wakijaza maneno wanayodhani watu walitaka kusema, na hatalifanya yeye.

"Tukianza kujaza, Mama Enesia, basi wakazi wa Kihesaka tutakuwa mimi na wewe," akasema.

Nikauliza, ikiachwa wazi, namba zinakuwaje? Alikuwa ameshazipiga. Tanurini inashuka kutoka tisini na nne hadi nane. Posta inabaki thelathini na tisa.

Bonde lazima lipatikane moja. Mvua ya mwaka juzi ilizoa watu tisa kule Mferejini kwa siku moja, na mvua nyingine zinaanza Novemba. Tulikuwa katikati ya Septemba. Kuripoti kosa ngazi za juu ni miezi minane. Kikao cha kuthibitisha kilikuwa Jumamosi ile ile. Bila saini yangu, Tanurini inathibitishwa. Nikisaini, kikao kinachofuata ni cha Posta, na bwawa linachimbwa pale palipo jikoni kwangu.

Nikamuuliza angekuwa yeye angefanya nini. Akasema yeye amepanga chumba, hana haki ya kujibu. Akanipa ile fomu. Na mimi, mtu wa kushuku, hata pale nilijiuliza huyu ananitega nini. Hakuwa ananitega. Hakuna cha kutisha kama kukosa wa kumshuku ukabaki wewe peke yako.

4

Fomu ilikaa mkobani siku tatu.

Alhamisi nilishuka mpaka kwenye daraja la Tanurini, nikasimama, nikarudi. Nilitaka kwenda kumwambia Bibi Sikujua: kesho kutwa ukisalimiwa usiseme nzuri, anza na mbaya. Sheria inaliita hilo kulisha maneno. Mtumishi akithibitika amemlisha mkazi maneno anafukuzwa, na ushahidi wa huyo mkazi unatupwa. Nilijiambia ninaogopa sheria. Nilijiambia pia kwamba nikimfundisha la kusema nitakuwa nimefanya kile kile Gwakisa alichokataa, nitakuwa nimemvalisha sauti yangu mara ya pili. Yote mawili ni kweli. Lakini nilivyogeuka pale darajani nilikuwa nafikiria jikoni kwangu, na dirisha nililosubiri miaka sita kulipata. Msinione mwema kuliko nilivyo.

Ijumaa Bwana Nyaulingo, mwenyekiti wetu wa mtaa wa Posta, alipita nyumbani na ndizi. Akasema majirani wanajua nipo karibu na mitambo na wananishukuru. Nikamwambia sijafanya kitu. Akacheka, akanikonyeza. Ndizi zile sikuweza kuzila.

5

Ukumbi ulijaa. Mbele, juu ya meza yenye kitambaa cha bluu, walikuwa wameweka Msikizi mkubwa wa kikao, spika pande zote mbili na taa inayoonekana mpaka mlangoni. Watu thelathini wa Tanurini waliopatikana kwa kura walikaa safu za mbele, wamenyoosha nguo, lakini udongo ulikuwa bado chini ya kucha. Posta walikaa safu ya tatu na ya nne. Bwana Nyaulingo alinipungia mkono.

Mkurugenzi alisoma utaratibu. Kila mkazi atasimama, atasalimiwa na Msikizi, atajibu. Tangu salamu mpaka Msikizi aseme amepokea, mtumishi yeyote haruhusiwi kutoa neno. Aliposema hivyo hakunitazama, alikuwa anasoma tu. Mimi ndiye niliyeona amenitazama. Watumishi tulikaa nyuma ya meza ile ile, Gwakisa ubavuni mwangu na kompyuta yake mapajani. Fomu ilikuwa mkobani, safi, haina hata mkunjo.

Nilikuwa nimejipangia. Nikasema labda leo Bibi ataanza mwenyewe na mbaya. Watu wamekasirika, wameona tangazo, mtu aliyekasirika haanzi na nzuri. Nikasema wakianza wenyewe na mbaya, thelathini wote, basi namba itaanguka bila mkono wangu, na mimi sitakuwa nimefanya lolote, si jema wala baya. Nilikaa nikiomba hivyo. Nilikuwa namwomba Mungu awakoseshe adabu wazee wa watu ili mimi nisichafuke.

Kura ya kwanza ilimwangukia Bibi Sikujua Mhanga.

Alisimama taratibu, akarekebisha kitenge begani. Taa ikawaka njano.

"Habari za mtaa, Bibi Sikujua?" nikasikika, kutoka pande zote mbili.

Hakuiangalia spika. Alinitafuta kwenye meza ya watumishi mpaka akaniona, akanitazama mimi, kwa sababu kwake aliyemsalimia ni mimi. Sasa angesemaje mbaya kwa mtu aliyekunywa togwa kwake siku tatu zilizopita?

"Nzuri, mwanangu," akasema.

Akavuta pumzi. Nilimwona midomo inajikusanya, ile ila iko mlangoni, na nikaona taa inaanza kugeuka. Sikuamua. Ningependa kusema niliamua, ingenipa heshima. Nilisimama tu.

"Ahsante, tume—"

"Ila nini, Bibi?"

Tulisema pamoja, mimi na mimi. Ukumbini hakuna aliyejua ipi imetoka wapi. Msikizi ndiye hakujua kuliko wote. Aliisikia sauti yake ikiuliza swali, kama siku ile ya mbaazi, akakatisha neno lake mwenyewe. Taa ikarudi njano. Na akafanya kitu ambacho miaka saba hakuwahi kukifanya Tanurini. Akasubiri.

Mkurugenzi alikuwa ameshasimama, kidole juu, ananiita kwa jina langu lote. Safu ya nne Bwana Nyaulingo naye alisimama, na kwa uso wake nilijua ameelewa kabla ya wengine. Gwakisa hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba anajisemea, kwamba chombo bado kinarekodi.

Bibi Sikujua hakuwa na haraka. Alifuta mikono kwenye kitenge, ingawa ilikuwa mikavu.

"Ila sihami," akasema. "Nilikwambia."

Nikamjibu kwamba sikuwa nimesikia, Bibi, nisamehe, na kwamba sasa nasikia. Halafu nikafungua mkoba, nikaitoa ile fomu, nikaiweka kwenye kitambaa cha bluu, nikamwomba Gwakisa kalamu.